Kaka Yake Alikuwa Pale Pale Kijiweni

Binti yangu alikuwa na tabia ya kuchelewa dukani. Duka tunalonunua unga lipo mwendo wa dakika 5 kutoka nyumbani, lakini yeye alikuwa anatumia zaidi ya robo saa. Mama yake akadhani anapiga soga njiani, akaanza kumgombeza. Jioni moja nilikuwa naelekea msikitini, yeye yuko mbele yangu na kapu lake. Alipofika kwenye mwembe, badala ya kunyoosha, akakata kushoto, akavua kandambili akazishika mkononi, akapita uchochoro wa maji machafu nyuma ya msikiti na kutokea upande wa pili wa duka. Niliporudi nilimkuta anachambua mchele. Nikamuuliza. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Nakwepa kijiwe, baba."

Wamekufanya nini? "Hawajanifanya kitu. Wanasema tu." Wanasema nini? Akanyamaza, mkono wake ukawa unasogeza chembe zile zile huku na huku. Baadaye akanieleza mawili matatu ambayo sitayaandika hapa. Anaitwa kwa miluzi. Anatajiwa maungo yake kimoja kimoja. Asipoitika anaambiwa anaringa, na siku moja mmoja wao alimvuta mtandio ukabaki mkononi mwake, wenziwe wakacheka. Ana miaka 15.

Jibu langu la kwanza linanisuta mpaka leo. Nilimwambia, "Basi endelea kupita huko huko nyuma, na mtandio uufunge vizuri." Nikaenda kuoga, nikala, nikaona nimeshamaliza wajibu wangu wa baba. Usiku wa manane ndipo usingizi ulipokatika. Kijiwe kile nakijua. Wanakaa vijana 6 au 7, wenye bodaboda na wasio na kazi, na mmoja wao ni mwanangu wa kwanza, kaka yake.

Asubuhi nilimwita. Alishangaa, na nilimwona anashangaa kweli, hafichi. "Mimi sijawahi kumwambia kitu, baba. Ni wale wengine. Na mimi nikiwepo huwa hawamsemi sana."

Neno hilo "sana" nilitembea nalo siku nzima.

Nimekaa nikahesabu mafunzo aliyopewa binti yangu tangu alipovunja ungo. Shangazi yake alisafiri kutoka Pangani akakaa naye chumbani siku 3. Akafundishwa usafi wake, namna ya kukaa mbele za watu, kutobaki ndani peke yake na mwanamume hata akiwa ndugu, kutopokea zawadi ya mtu asiyemjua, kutorudi gizani. Mama yake kila wiki anaongeza lake. Mwalimu wa madrasa naye ana yake. Kijana wangu alipobalehe nilimnunulia wembe, nikamwonyesha namna ya kujitoharisha, nikamwambia kuanzia leo swala ni faradhi juu yako, na ukae mbali na wasichana wasije wakakuletea matatizo. Basi. Mafunzo ya dakika 10, na hata katika hizo dakika 10 tatizo nimelitwika msichana.

Zamani kulikuwa na jando. Sisemi kwamba yote yaliyofundishwa kule yalikuwa mema, kwa maana wazee wetu walitoka huko huko na baadhi yao waliwapiga wake zao hadharani. Lakini palikuwa na watu wazima waliokaa na vijana siku nyingi wakawaambia maana ya kuwa mwanamume. Siku hizi mtoto anatahiriwa hospitalini akiwa bado mchanga, jambo zuri kwa afya yake, ila yale mafunzo hayakuhamia popote. Ya wasichana yamebaki, makungwi wapo na masomo wapo. Kijana wa kiume anafundishwa na kijiwe na simu.

Katika fasihi yetu pia mambo yako hivyo. Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi mwaka 1858, akamuusia namna ya kuishi na Mungu, na watu, na mume. Tumeusoma vizazi kwa vizazi, tukawasomea mabinti zetu. Nimewahi kujiuliza kama aliyekuja kumwoa Mwana Hashima naye aliusiwa kwa urefu ule namna ya kuishi na mke. Mzee wetu wa hapa Tanga, Shaaban Robert, baada ya kufiwa na mkewe Amina aliwaandikia watoto wake tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mwanawe wa kiume. Mgane yule hakuona kwamba wosia ni wa msichana peke yake. Hilo namsifu nalo, na nalionea haya kwa upande wangu.

Ipo takwimu moja iliyonikosesha raha. Katika utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16, asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15. Hiyo inatisha, lakini wengi wetu tulishaihisi. Iliyonikosesha raha ni nyingine. Wanawake na wanaume waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani: ameunguza chakula, amebishana naye, ametoka bila kuaga, hawaangalii watoto vizuri, au amemnyima unyumba. Wanaume waliokubali japo sababu moja walikuwa asilimia 40. Wanawake walikuwa asilimia 58.

Yaani wapigwaji wanaukubali mkono kuliko wapigaji. Mtu hazaliwi akiamini kwamba chakula kilichoungua kinalipwa kwa kofi. Amefundishwa, tena na watu wanaompenda. Amefundishwa na bibi anayesema ndoa ni uvumilivu, na mama aliyefuta machozi kwa ncha ya kanga akaendelea kukuna nazi huku mtoto akimtazama. Amefundishwa na jirani anayemwambia msichana wa miaka 7 aliyepigwa na mvulana, "Anakupenda huyo, ndiyo maana anakuchokoza." Kauli hii ya mwisho naiogopa kuliko zote, kwa sababu tunaisema tukicheka. Msichana anaondoka na somo kwamba kipigo ni salamu ya mapenzi, na mvulana aliyesimama pembeni ameisikia vile vile.

Nikaanza kuiangalia nyumba yangu kwa jicho jingine. Jumapili moja nilikaa barazani na gazeti, mbele yangu binti amepinda mgongo juu ya karai. Anafua. Sare zake mbili, shuka za mama yake, halafu akavuta rundo la pili: suruali za kaka yake, fulana zake, soksi. Zile soksi alizigeuza ndani nje, moja moja, akazipaka sabuni ya mche, akazisugua kwa vifundo vya vidole mpaka vikawa vyekundu. Kaka yake alikuwa ndani anatazama mpira. Hakumwamrisha afue. Hakuna aliyemwamrisha, na hilo ndilo lililonishtua, kwamba katika nyumba yangu jambo hili halihitaji tena kuamrishwa. Mtu anayeishi miaka 18 huku mwanamke akimgeuzia soksi zake bila kuombwa, atajuaje kwamba mwili wa mwanamke yule na muda wake si mali yake?

Nilimwita kijana aje akae kwenye karai. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kututembelea, akasema, "Mwache mjukuu wangu, baba, utamfanya mke." Sikubishana na mama yangu. Nilivuta kigoda kingine nikakaa nami, nikaanza na mashati yangu. Mama alinyamaza, akatutazama, kisha akaingia ndani. Chakula cha mchana hakunisemesha. Alaa kulli hali, tangu siku ile kila mtu anafua zake, na kijana ameshajua kwamba rangi ya bluu haichanganywi na nyeupe.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo nimelifikiria kwa uangalifu, maana linagusa mila ninayoipenda. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", bibi humwita wa kiume "mume wangu", na nyumba inajaa kicheko. Utani ule ni mtamu na sitaki ufe. Ila nimemwona mtoto wa miaka 5 akivutwa mapajani kwa mgeni, anajinyonganyonga, anasema sitaki, na watu wazima wote chumbani wanamwambia, "Nenda bwana, huyo si babu yako?" Siku ile mtoto alifundishwa kwamba "sitaki" yake haina uzito mbele ya mkubwa. Utafiti juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi waliowatendea ni watu wanaowafahamu. Mtoto tuliyemzoesha kumeza "sitaki" yake hatakuwa nayo siku atakayoihitaji. Na mvulana anayeona "sitaki" ya dada yake ikichekwa sebuleni atakuja kuicheka mwenyewe kwingine. Kwangu sasa mtoto akikataa kushikwa, anaachwa. Mgeni akinuna nitambembeleza mgeni.

Na fimbo? Nimewachapa wanangu wote, na kijana zaidi. Utafiti ule ule ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana walipigwa utotoni. Wazazi wenzangu wananiambia mkono uliotuchapa ndio uliotutoa ujinga. Labda. Lakini niliwahi kumchapa mwanangu kwa sababu alimpiga mdogo wake, na nilipokuwa nainua kiboko alinitazama, sikuona kwenye macho yake majuto ya kumpiga dada yake. Niliona anasubiri awe mkubwa. Niliiweka chini ile fimbo na sijaishika tena, ingawa nakiri kuna siku mkono unanikumbuka.

Sheria tunazo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Ni zaidi ya miaka 50 sasa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la bughudha ya kingono, na maneno nayo yamo, si mikono tu. Kifungo chake kinafika miaka 5. Nilipomsomea kijana wangu kifungu hicho alikaa kitako. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yale ya kijiweni ni jinai. Yeye alijua ni uchangamfu.

Tatizo ni kwamba sheria inasimama mlangoni ikisubiri wenye nyumba waifungulie, nasi tuna msemo wetu wa kuifungia: yamalizwe nyumbani. Nimeshakaa katika vikao vya namna hiyo. Msichana ameharibiwa, wazee wa pande mbili wanakutana, kinachinjwa kitu, zinatolewa shilingi kadhaa za "kumfuta machozi", na msichana mwenyewe hayupo kikaoni. Tunasema tumelinda heshima ya ukoo. Wakati kikao kinaendelea saa zinakwenda: aliyebakwa anapaswa kufika hospitalini ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyomfaa. Asioge kwanza, nguo zake zisifuliwe. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ndiko inakochukuliwa fomu ya PF3, na baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na mtu wa ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Kwa jambo la mtoto ipo simu ya bure, 116. Haya nayaandika kwa sababu nimegundua wazazi wengi tunajua bei ya mbuzi wa faini lakini njia ya kwenda kwenye dawati hatuijui.

Ila katika vikao vile niliyemfikiria sana ni yule baba wa upande wa pili. Anatoa mbuzi, anatoa fedha, jasho linamtoka, anataka mwanawe asifungwe. Namwelewa; nami ni baba wa kijana, na sijui moyo wangu ungesemaje. Lakini kijana yuko nje anasubiri majibu, na majibu anayopewa ni kwamba alilolitenda lina bei, na baba ameimudu. Malezi hayo nayo.

Kuhusu simu nitasema kidogo tu, maana naijua kidogo. Kijana wangu alinionyesha mwenyewe, baada ya mazungumzo yetu ya kwanza, picha ya msichana wa mtaa wa tatu inayozungushwa kwenye kundi lao la WhatsApp. Aliyeisambaza ni mvulana aliyetumiwa kwa siri. Nilimuuliza, na wewe umefanya nini? "Sijaisambaza, baba." Lile jibu la kijiweni limerudi. Nikamwambia afute mbele yangu, na awaandikie wenzake kwamba waifute. Alichukua muda mrefu na ile sentensi moja. Aliandika, akafuta, akaandika. Alipoituma akaiweka simu chini kifudifudi kama kitu cha moto, na baada ya nusu saa akawa ametolewa kwenye kundi.

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa kitu ninachomtaka akifanye. Nilidhani kumfundisha kijana heshima ni kumwambia asiguse, asitukane, asipige. Hayo kijana wangu alikuwa nayo. Alichokosa, na ambacho sikumpa, ni nguvu ya kubaki peke yake mbele ya wanaume wenzake. Kijiwe hakimwogopi mtu mmoja mwenye adabu aliyekaa kimya pembeni. Kinamhitaji, kwa sababu kimya chake ndicho kinachowapa wengine uhakika kwamba hakuna ubaya. Wiki moja baadaye aliwaambia. Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kusema alivyosema. Najua tu kwamba alirudi mapema kuliko kawaida, na kwamba walimwambia amekaliwa kichwani na mdogo wake wa kike. Hakwenda tena siku 4. Binti naye sikumuuliza kitu, lakini jioni ya tatu alirudi na unga kwa dakika 10, miguu yake mikavu, na kaka yake nyuma yake amebeba kapu.

Jioni hiyo tulikaa barazani mimi na kijana, umeme umekatika. Akaniuliza, kwa adabu, kama anavyouliza mtu aliyelibeba swali lake muda mrefu: "Baba, na nyie pale kwenye bao, yule mzee anapohadithia alivyomnyoosha mkewe, huwa mnamwambiaje?"

Nilitafuta la kusema. Mzee yule ni rafiki yangu miaka 20. Tulizika pamoja, tukaoza pamoja. Na kila aliposimulia nilikuwa nasogeza kete zangu na kusema, "Cheza, zamu yako."

Ijumaa baada ya swala nilikwenda. Tulicheza mkono mmoja, akashinda. Wa pili akaanza hadithi yake, safari hii ni chai iliyochelewa. Nikashika kete mkononi bila kuzigawa, nikamwambia, "Mwenzangu, hayo usiyasimulie tena mbele yangu. Na usiyafanye." Mtu mmoja alikohoa. Wengine walitazama ubao kana kwamba hawajapata kuuona. Rafiki yangu alinitazama kwa muda, akauliza kama nimeumwa, nikamwambia sijaumwa. Akakusanya kete zake shimo kwa shimo, akazirudisha kwenye kopo, akavaa viatu.

Ni wiki ya tatu sasa hajarudi kwenye bao. Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa amelala. Mara ya pili mkewe alinifungulia mlango, akanikaribisha kiti uani, akaingia ndani kumwita, nami nikakaa nikisubiri.